Shikamoo Zilizokatwa

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, shule ya misheni kule Mamboya, nikaishia hapo kwa sababu wadogo zangu walikuwa wengi na mama alikuwa mmoja. Kusoma nilijua. Kuandika ndiyo huku mnakokuona. Lakini majina sisahau. Mtu akinitajia jina lake mara moja, na la kwao, limekaa. Hata hivyo humu sitataja hata moja, maana wenyewe wapo, wengine ni watoto wa watu, na hawakunituma.

Mjukuu wangu ni mwalimu hapa Kilosa. Ni binti wa mwanangu yule wa Mikumi, niliyekaa naye miaka mingi pale karibu na barabara kuu mpaka magoti yaliponizidi, mjukuu akasema niende kwake kwa kuwa hospitali haiko mbali. Ananiita bibi, mimi namwita mke mwenzangu, kwa vile marehemu babu yake alimwita mke wangu tangu anatambaa. Nyumba yetu ina vyumba viwili, iko nyuma ya shule, na haina ua. Watu wanakatiza uwanjani kwetu kwenda sokoni na kurudi, na wote ni lazima wasalimu.

Somo analofundisha lilinichukua muda kulielewa. Lina jina refu, misingi ya sanaa ya habari. Mwanzoni nilidhani anawafundisha watoto wa kidato cha tatu kupiga picha za harusi, nikaona si vibaya, harusi haziishi. Siku moja tukichambua mchicha akanieleza kwamba ni kupiga picha, kunasa sauti, halafu kuvipanga vyote vikae pamoja mpaka mtu ambaye hakuwepo aone kama alikuwepo. Vifaa vilikuwa kamera moja, maiki moja, na kompyuta yake mwenyewe. Kipindi cha kwanza hata hivyo hawakuvigusa. Aliwapa kila mmoja karatasi ngumu iliyokatwa dirisha dogo katikati, akawaambia wazunguke shule nzima wakitazama kwa kupitia dirisha hilo. Mmoja alinijia mpaka mlangoni, jicho moja amelifumba, akaniomba nisisogee. Nikamuuliza leo mnasomeshwa nini.

"Tunajifunza kuacha vitu nje, bibi."

Nikamwambia hilo hata mimi nalijua, asubuhi nilikuwa nimeacha sufuria nje, mbwa akalamba. Akacheka, lakini jicho hakulitoa dirishani.

Sasa somo lile lilikuwa kwenye majaribio. Mkuu wa shule alikuwa ametoa vipindi viwili kwa wiki kutoka kwa mwalimu wa kemia, na mwalimu wa kemia hakufurahi, wazazi nao wakaanza kulalamika kwamba watoto wanachezea kamera badala ya kusoma. Mkuu akaamua kwamba kwenye mkutano wa wazazi mjukuu wangu aonyeshe kitu walichokifanya wanafunzi. Wazazi wakikubali, somo linaendelea. Wakikataa, vipindi vinarudi kwa kemia. Na mjukuu wangu hakuwa na somo jingine pale. Alikuwa anajitolea kwa hilo moja tu. Likiondoka, naye hana cha kumweka Kilosa, atafute shule nyingine mbali huko. Hakuniambia kwa maneno hayo, ila nilimwona anavyofua nguo zake mara mbili mbili, jambo analofanya akiwa na hofu tangu alipokuwa msichana mdogo.

Akachagua kuonyesha mchele unavyopepetwa. Alisema wazazi wengi ni wakulima, waonyeshe kitu wanachokijua, lakini wakione vizuri kuliko walivyowahi kukiona. Na mpepetaji hakwenda kumtafuta mbali. Siku hizi mpunga unakobolewa kwa mashine, lakini mimi mchele wa mashine siuamini mpaka upite kwenye ungo wangu.

Wakaja Jumamosi asubuhi, wanafunzi wanane. Nimekaa kwenye kigoda, ungo upo magotini. Wakasimama mstari, mmoja baada ya mwingine, shikamoo bibi, shikamoo bibi. Mimi huwa siitikii kwa jumla. Kila mmoja namwitikia kwa jina lake na jina la kwao, kisha namuuliza neno la nyumbani. Huyu mama yake wa Zombo amepona mguu? Huyu kaka yake amerudi kutoka Mikumi? Huyu mahindi yao nguruwe pori wamebakiza chochote? Saba walipita hivyo. Wa nane alikuwa binti wa wafugaji wa Msowero, na kwao mtoto akimsalimu mkubwa hasemi kitu. Alikuja akainamisha kichwa mbele yangu, nami nikamwekea kiganja utosini nikamtaja jina.

Baba yake binti huyo alikuwa amemruhusu kusoma somo lile kwa sharti moja, uso wake usiingie kwenye picha. Kwa hiyo mwalimu alimpa kazi ya sauti. Alivaa visikilizio masikioni, akashika maiki waliyoifunga kwenye mpini wa fagio ili imfikie mtu bila yeye kuonekana.

Kumbe wakati wanasalimu kamera ilikuwa imeshawashwa. Mjukuu wangu amewafundisha kuwasha mapema na kuzima kwa kuchelewa, wasije wakakosa kitu.

Tukaanza. Niliambiwa nipepete na nieleze ninachofanya. Nikaanza kueleza kwamba pumba zinatoka kwa upepo lakini chenga hazitoki kwa upepo, chenga zinatoka kwa mkono. Hapo akapita mama mmoja na ndizi kichwani, shikamoo mama. Marahaba mwanangu, wazima huko? Mjukuu wangu akainua mkono, wakasimamisha. Tukaanza upya. Akapita kijana wa bodaboda, akapunguza mwendo, shikamoo bibi. Marahaba. Wakasimamisha. Mara ya tano au ya sita mjukuu akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Bibi, ukisalimiwa tukiwa tunarekodi, nyamaza kidogo tu. Watajua uko kazini."

"Ninyamaze? Kwani nimegombana nao?"

Wanafunzi wakacheka mpaka kamera ikayumba. Mwisho waliwaweka wawili njiani, mmoja upande huu na mwingine upande ule, kazi yao kupokea salamu zangu kwa niaba yangu. Ndivyo tulivyomaliza.

Kabla hawajaondoka, yule binti wa Msowero akaniomba nipepete tena, safari hii bila kusema neno. Akapiga magoti, akaisogeza maiki chini ya ungo. Nikapepeta. Akafunga macho. Nilipomaliza alinivua kilemba taratibu, akanivalisha visikilizio vyake, akaniambia niendelee. Nikasikia mchele unapanda na kushuka, nikasikia chenga zikijitenga zinakwaruza pembeni kwa mlio mwembamba, na nikasikia pumzi yangu mwenyewe. Miaka yote hiyo nimeshika ungo sikuwahi kuusikia. Nilipepeta mpaka mchele ukawa hauna tena cha kutoa, na yule binti hakunikumbusha kwamba visikilizio ni vyake.

Baada ya wiki moja mjukuu alinionyesha kazi mezani, na binti wa Msowero alikuwepo, maana wao wawili ndio walioipanga. Ilikuwa fupi, muda wa kumenya vitunguu vitatu. Inaanza kwa mikono yangu na mchele uko hewani. Mlio wa ungo umejaa chumba kizima. Halafu natokea mimi, wanafunzi wananiletea mchele, nawaeleza, wananipokea ungo. Ni nzuri, sisemi uongo. Mikono yangu iliyojaa mishipa ilionekana kama ya mtu mwenye heshima zake. Lakini nilipojiona nimeanza tu kusema na wale watoto, niliona aibu.

"Umeionaje?" mjukuu akaniuliza.

"Nzuri."

"Nzuri, halafu?"

Ananijua huyu.

"Halafu hawa watoto wamefika kwangu saa ngapi?"

"Si asubuhi, bibi. Ulikuwepo."

"Mimi nilikuwepo. Anayetazama hakuwepo. Yeye anaona watoto wamemkuta mzee, wameshika ungo wake, hata shikamoo hakuna. Na mzee naye anaongea nao hivyo hivyo kama kichaa wa sokoni."

Akanieleza kwa upole kwamba ndivyo kazi ile inavyofanywa. Mnarekodi vingi, mnakata, mnaanzia pale jambo linapoanza. Kuingia, kukaa, kusalimiana, vyote hukatwa, mtazamaji anajua vimefanyika. Nikamwambia mtazamaji wa wapi, maana wa kwetu hajui hivyo. Akanieleza tena, safari hii upole umepungua. Alikuwa amechoka, na mkutano ulikuwa umebakiza siku tatu.

"Bibi, salamu haisogezi hadithi. Haya mambo yana shule yake."

Nikasema sawa. Kweli yana shule yake, na mimi sikuisoma. Nikainuka nikaenda kuchambua maharage, ambayo nilikuwa nimeshayachambua. Yule binti alikuwa ameinamia miguu yake.

Asubuhi yake mjukuu alitoka chumbani mbio, mkoba begani, daftari mdomoni. Mimi nafagia uwanja.

"Chupa ya chai iko wapi?"

Nikafagia.

"Bibi? Chupa."

Nikafagia mpaka pembeni mwa nyumba, nikarudi. Sikuwa nimekusudia kumfunza lolote, Mungu ananiona. Mdomo tu ulikataa. Kwa miaka yote niliyomlea hakuna siku aliyoniuliza kitu asubuhi kabla ya kunisalimu, na mimi sikujua mtu hujibuje. Akasimama. Akalitoa daftari mdomoni.

"Aa," akasema. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Iko juu ya kabati."

Hakwenda kuichukua. Alisimama pale ananitazama, halafu akatazama njia watu wanakopita, halafu akacheka peke yake, kicheko kidogo cha mtu aliyekamatwa.

"Vile vipande havijafutwa," akasema, akaondoka bila chai.

Nilichosikia baadaye ni kwamba alitaka kurudisha salamu moja tu, ikawa ugomvi darasani. Kila mmoja kati ya wale wanane alisema mzazi wake atakuwepo, kwa nini arudishwe mwenzake. Muda ukawa mfupi. Akazirudisha zote nane.

Siku ya mkutano waliziba madirisha ya ukumbi kwa khanga, wakatundika shuka letu jeupe ukutani, picha irushwe hapo kwa mashine ya kurushia. Nilipewa kiti mbele. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja aliyeletewa mjukuu wake amsomeshe, mtu wa kwetu Mamboya, na ukoo wake na wetu ni watani. Alipoambiwa kwamba mimi ndiye nitakayeonekana, aliuliza kwa sauti ukumbi wote usikie kama shuka lile ni imara.

Kwanza wazazi walisema yao. Baba mmoja mwenye duka alisimama, akasema maneno niliyoyaona yana haki yake.

"Mtoto wangu nimemleta hapa asome. Simu anayo nyumbani. Kama ni kuchezea picha, angebaki."

Wengine wakamuunga mkono. Mwalimu wa kemia alikuwa amekaa nyuma, mikono kifuani. Mjukuu wangu alisimama karibu na kompyuta, nikaona anakunja ukingo wa blauzi.

Akawasha. Nikatokea pale ukutani na kigoda changu, mkubwa kuliko mlango. Mtani wangu akasema, "Mtani, hata ukutani umekuja kutuomba unga?" nikamwambia unga wa kwenu una fukusi. Halafu mwanafunzi wa kwanza akaingia kwenye picha, akasema shikamoo bibi. Na ukumbini, wazee wote waliokaa safu za mbele wakaitikia marahaba.

Hawakujizuia. Na mimi wa ukutani nikamtaja yule mtoto kwa jina, nikauliza mguu wa mama yake wa Zombo. Mama mwenyewe alikuwa safu ya tatu. Akajibu, "Umepona, mama, ahsante." Watu wakacheka, akafunika uso kwa khanga. Akaja wa pili, marahaba ukumbi mzima, nikauliza habari za kaka aliyeko Mikumi, baba mtu akasema amerudi juzi. Wa tatu alikuwa mtoto wa mwenye duka. Nilikuwa nimemuuliza kama baba yake bado anakohoa. Baba akakohoa, si kwa kusudi nadhani, na ukumbi ukaangua kicheko. Kila mmoja alitajwa, kila nyumba ikajibu. Kufika wa saba watu walikuwa wanasubiri zamu ya mtoto wao kama wanaosubiri matokeo.

Wa nane akaja kimya. Akainama, uso wake haukuonekana hata kidogo, utosi tu na kiganja changu juu yake. Hapo ukumbi ukatulia, kwa kuwa hapakuwa na cha kuitikia.

Baada ya hapo ndipo mchele ukaanza kupanda hewani. Lakini hakuna aliyeutazama. Wazazi walikuwa wameshageukiana, wanaulizana huyu wako ndiye yupi, mguu uliuwekea dawa gani, na mtani wangu alikuwa anadai kwamba mjukuu wake nimemsalimu kwa ufupi kwa sababu ya ukoo. Mlio wa ungo sikuusikia hata mimi niliyekuwa mbele. Mwenyekiti wa wazazi akainuka kabla haujaisha, akasema tumeona, tumeona, taa ziwashwe.

Akauliza wazazi wanasemaje. Baba wa Msowero, aliyesimama ukutani na fimbo yake muda wote, ndiye aliyeanza.

"Yule wangu ameinamisha kichwa," akasema. "Nimeona." Akaegemea ukuta tena.

Mwenye duka naye akasimama. Alisema yeye alidhani kamera inawatoa watoto adabu, na kama ndiyo hii, basi waendelee nayo. "Ila mchele wenyewe sijauona," akamalizia, wakacheka. Mkuu wa shule akaandika. Vipindi viwili vitabaki mwaka mzima, kisha wataangalia tena.

Tulirudi nyumbani polepole kwa ajili ya magoti yangu, yeye amebeba shuka mkononi. Nilitegemea awe na furaha, na alikuwa nayo, lakini ilikuwa na kitu pembeni. Tulipofika nyuma ya madarasa nikasema nilichokuwa nakifikiri.

"Hawakuona ungo."

"Hawakuona."

"Pole, mke mwenzangu. Mimi ndiye niliyekuharibia."

"Usinipe pole, bibi. Somo nimelipata." Tukatembea. "Lakini ule mlio. Yule binti alipanga ule mlio siku nne."

Nilikuwa nimesema kweli kuhusu salamu, na yeye alikuwa amesema kweli kuhusu salamu, na kazi nzuri ya mtoto wa watu ilipita ukutani bila kuonwa. Nilimshika mkono. Mkono wake una vidole vya babu yake. Tulikwenda hivyo mpaka mlangoni, na watu waliotusalimu njiani tuliwaitikia wote wawili kwa pamoja.

Jumatatu akaniomba nije darasani. Nikawekewa kiti nyuma kabisa. Aliandika ubaoni neno moja, KATA, akawaambia wanafunzi kwamba wataipanga kazi upya, si kwa ajili ya mkutano, ni kwa ajili ya kazi yenyewe. Salamu itabaki. Lakini itabaki moja, na hiyo moja iwabebe wenzake saba, mpaka anayetazama ajue wote walisalimu. Kisha mchele upate nafasi yake na watu wausikie. Wachague wao, na kila anayechagua aseme kwa nini.

Ugomvi ukaanza hapo hapo. Wa kwanza alisema yake, kwa sababu mlango huanza na wa kwanza. Mwingine akakubali iwe hiyo hiyo ya mama wa Zombo, ila kwa sababu mna ugonjwa na kupona. Watatu walitaka ile ya utosi, kwa kuwa haina maneno na inaingia vizuri kwenye mlio wa ungo. Yule binti wa Msowero mwenyewe akawapinga. Alisema isiwe yake, maana anayetazama hatasikia marahaba, na marahaba ndiyo sauti nzuri kuliko zote alizonasa siku ile. Wakageuka wakaniuliza mimi. Nikakataa. Nawajua wote kwa majina, nitamwacha nani nje?

Kengele ikalia. Mwalimu wa kemia akatokea mlangoni na vitabu vyake, kipindi ni chake sasa. Mjukuu wangu akamwomba dakika mbili tu, mwalimu, tunamalizia. Yule wa kemia akatazama saa. Akatazama ukutani, ambako picha ilikuwa imesimama kwenye kichwa kilichoinama na kiganja changu juu yake, na ubishi nyuma yake haujapungua hata kidogo.

"Ile ya mtoto wa mwenye duka mmeiacha?" akauliza. "Ile ndiyo yenye kikohozi."

Akavuta kiti akakaa.